Mama Kasema

Chungu cha umeme kilimwambia Malsun kwamba wali umeiva, aukoroge vizuri. Kilisema kwa sauti ya mwanamke mchangamfu, na kama ilivyokuwa kila asubuhi, hicho ndicho kilikuwa kitu cha kwanza kumsemesha ndani ya nyumba ile. Mumewe, Bae Jongtae, alikuwa mezani tayari, sare ya kiwanda imefungwa vifungo hadi shingoni, uso umeielekea supu.

Malsun akakoroga wali, akapakua. Mikono yake ilinuka mafuta ya ufuta, kwani tangu alfajiri alikuwa analoweka majani ya kangaga yaliyokaushwa na kuchambua mizizi ya mboga nyeupe. Leo ilikuwa siku ya kumlisha marehemu mama mkwe. Kwetu Yeongcheon siku aliyokufa mtu hurudi kila mwaka, na mwenyewe hurudi nayo, na akirudi ole wake mke wa mwana mkubwa ambaye meza yake haijajaa.

"Baba Hyerim," akasema.

"Mm."

"Kuna jambo nataka tuongee kidogo."

Jongtae akatazama saa ya ukutani. "Papa umeshanunua?"

"Nitapitia sokoni leo."

"Akukatie vipande vinene. Mama hapendi vyembamba."

Alisema hivyo kana kwamba mama mwenyewe yuko chumbani anafunga nywele. Mwaka wa pili huu bibi yule amelala mlimani, na chumba chake cha upande wa jua bado kina mto wake, na hakuna aliyediriki kulala humo.

"Ni jambo dogo tu, Baba Hyerim. Linahusu kesho."

"Baadaye," Jongtae akasema. Akanyanyua bakuli, akaimaliza supu, akavaa viatu. Mlango ukafungwa kabla Malsun hajaweka chini mwiko.

Wanaume wa mkoa wetu wa Gyeongsang wamepata jina nchi nzima. Husemwa kwamba mwanamume wa kwetu akirudi kazini jioni anayo maneno matatu tu kwa mkewe: Mtoto je? Tule. Tulale. Watu hucheka, na Malsun naye alikuwa akicheka alipokuwa msichana. Tangu binti yao Hyerim aende Australia kulea wazee wa watu, Jongtae alibakiwa na maneno mawili.

Na jambo lenyewe halikuwa dogo. Malsun alikuwa anavuja damu tangu mwezi wa sita. Daktari alimwonyesha kwenye kioo cha mashine uvimbe mkubwa kama tunda la pea, akamwambia kizazi kitolewe, na kitolewe wiki hii, maana damu yake imepungua mpaka yeye daktari anashangaa anasimamaje. Kitanda kilikuwa kimepatikana kwa kesho. Kilichobaki ni mumewe kujua.

Asubuhi ile alikwenda kwanza hospitali kukamilisha mambo. Kijana wa mapokezi, shati jeupe na kalamu mbili mfukoni, akapitia makaratasi yake, halafu akayarudisha juu ya kaunta kwa ncha za vidole.

"Mama, hapa pa msimamizi wa mgonjwa hapana sahihi."

"Weka yangu. Mimi ndiye mgonjwa na mimi ndiye msimamizi."

"Haiwezekani, mama. Anatakiwa mtu wa familia. Mume."

"Mume yuko kazini."

"Basi mwana wa kiume."

"Sina."

"Binti?"

"Yuko Australia."

Kijana akasikitika, lakini kwa mdomo tu. "Basi tumerudi kwa mume. Aje kesho asubuhi na mapema, kabla daktari hajaingia. Asipotokea, kitanda tunampa mwingine, na wewe tunakuweka tena kwenye foleni, labda baada ya sikukuu ya mavuno. Au hata baada ya hapo."

"Kijana, nina miaka hamsini na nne. Kwa mikono hii nalisha shule nzima ya watoto kila siku. Nikinunua gari leo hakuna atakayeniuliza mume wangu kasemaje."

"Sikatai, mama. Lakini kanuni ni kanuni. Na hapa ni kizazi. Mume asije kutulalamikia kesho kwamba hakuambiwa."

"Kizazi cha nani?"

Kijana akaona haya. Akazipanga kalamu zake upya mfukoni, akamwita mtu wa nyuma. Malsun akaondoka pale akijishikiza ukutani, ana hasira, na damu nayo ilikuwa imemwishia.

Njiani kuelekea sokoni simu ikalia. Ni Hyerim, kwenye mapumziko yake ya kazi.

"Umemwambia baba?"

"Bado."

"Mama! Si tulikubaliana? Mwambie unavyojisikia. Usimlaumu. Sema, mimi naogopa, nataka uwe nami. Basi."

"Wewe unaongea kama yule mwalimu."

Mwalimu yule alikuja majira ya kuchipua katika ukumbi wa akina mama wa manispaa, kufundisha wanandoa kuzungumza. Tangazo lilisema waje wawili wawili. Wake walifurika, mume hakuonekana hata wa dawa. Mwalimu, msichana wa Seoul mwenye soksi nyeupe, akaona aibu kuvunja kikao, akawapanga wake kwa wake. Malsun akaangukia kwa mama mmoja wa shamba la zabibu. Wakaambiwa washikane mikono, watazamane machoni, kila mmoja amwambie mwenzake jambo ambalo hajawahi kumwambia mumewe. Mama wa zabibu akasema, "Sipendi unavyokohoa." Halafu akalia mpaka wakamletea maji. Malsun naye, ilipofika zamu yake, hakupata la kusema, yakawa mengi mno yakabanana mlangoni.

"Huko mliko watu wanaongea, mwanangu," akamwambia Hyerim. "Huku watu wanakula."

"Basi mwambie akiwa anakula. Leo, mama. Niahidi."

Akaahidi. Mama hushindwaje kumwahidi mtoto aliye mbali?

Sokoni alikwenda moja kwa moja kwa Bi Okja, muuza papa. Kwetu meza ya marehemu bila nyama ya papa iliyotiwa chumvi ni matusi, na Bi Okja amekuwa akikata papa tangu Malsun alipokuja mjini kama bi harusi. Alikuwa ameketi nyuma ya bonge la nyama nyeupe, kisu mkononi, aproni ya mpira imemfika kifuani.

"Eee, Mama Hyerim! Leo ni siku ya bibi? Karibu. Lakini ukisikia bei usinizimikie hapa."

"Imepanda tena?"

"Kila kitu kimepanda isipokuwa mume wangu kutoka kaburini." Akacheka, akapitisha kisu. "Tofaa moja siku hizi bei ya mlo mzima. Ukiona mtu amenunua matatu, jua ana maiti wa kumlisha. Walio hai hawali tofaa."

"Kata vinene. Ndivyo anavyopenda."

"Nani, marehemu au mwanawe?"

"Marehemu. Mwanawe hajawahi kuniambia anapenda nini."

Bi Okja akaacha kukata, akamtazama usoni. "Mbona umekuwa wa njano hivyo, mwali? Unaumwa?"

Malsun akamweleza kwa maneno machache, huku anatazama kisu. Ajabu ilivyokuwa rahisi kumwambia muuza samaki.

"Na yeye hajui?"

"Kila nikianza anasema baadaye."

"Mwambie hata kama anakimbia, mfuate mpaka chooni. Mficha maradhi kifo humuumbua." Bi Okja akaendelea kukata. "Mimi wangu alikuwa bubu kama wako. Siku aliyokufa alikufia pale pale mbele ya televisheni, asubuhi. Nikampa supu, nikaitoa, nikamfunika miguu, nikamwambia mwana wetu kapata kazi. Jioni ndipo nikagundua. Kimya kilikuwa kile kile."

Wote wawili wakacheka, kisha wakaacha kwa pamoja. Bi Okja akamfungia vipande, akaongeza kimoja juu, akasema hicho ni cha kwake Malsun mwenyewe na asimpe mzimu wa mtu.

Nyumbani alipika mpaka jua likaanza kuinama. Akachoma papa kwenye vijiti, akakaanga maboga na samaki kwa unga na mayai, akachemsha kangaga. Bila kitunguu saumu, bila pilipili nyekundu, maana vitu hivyo hufukuza roho mlangoni. Kila mara alilazimika kuketi chini, mgongo ukiegemea jokofu, angoje maumivu yapite. Kizazi hiki hiki bibi alikuwa akikiita chungu kilichotoboka, kwa kuwa kilitoa msichana mmoja kikanyamaza. Bibi alisema hivyo mbele ya wageni, na Jongtae aliyekuwa pale pale aliendelea kumenya karanga.

Miaka ishirini na kitu Malsun aliishi na sauti ya yule bibi, na ile ya mwisho alimlisha na kumwosha. Ilikuwa sauti yenye mkwaruzo, ikianzia puani, na kabla ya neno lolote ilivuta pumzi ndefu kama mtu anayefyonza supu ya moto. Malsun angeijua katikati ya soko la sikukuu. Basi alipokuwa anageuza samaki kikaangoni akaisikia.

"Mafuta mengi hayo."

Akashtuka, mwiko ukamponyoka. Jikoni hapakuwa na mtu. Mlango wa chumba cha bibi ulikuwa umefungwa kama alivyouacha. Akasimama akisikiliza, mkono umeshika ukingo wa beseni, na polepole akatambua kwamba midomo yake mwenyewe ilikuwa ndiyo kwanza inafumba. Alikuwa peke yake, anajisemesha, kama watu wapweke wanavyofanya. Mbona basi kajisemesha kwa sauti ya mtu mwingine? Akapunguza mafuta.

Jongtae alirudi kukiwa bado na mwanga. Zamani ibada hii ilifanyika usiku wa manane, lakini siku hizi watu wana zamu za asubuhi, na marehemu nao wamezoea kula mapema.

"Jongsu haji," akasema akivua viatu. Jongsu ni mdogo wake, anafanya kazi bandarini Ulsan. "Kazi imembana."

Hayo yalikuwa maneno mengi kwa Jongtae, Malsun akaona ndiyo nafasi. "Sawa. Basi tuko wawili tu. Baba Hyerim, kabla hujabadilisha nguo, kaa hapa kidogo. Kesho mimi..."

"Mama anangoja," Jongtae akasema. Akaingia bafuni, maji yakafunguliwa kwa nguvu zote.

Akatoka amevaa suti nyeusi. Wakabeba vyakula mpaka chumba cha bibi, wakavipanga mbele ya picha na kiwambo cha kukunja. Jongtae akasogeza kila sahani kwa kidole: samaki mashariki, nyama magharibi, kichwa cha samaki kitazame jua linakotoka. Akawasha ubani, akamimina pombe ya mchele, akainama mpaka paji la uso likagusa sakafu. Mwanamume huwainamia wafu mara mbili. Mwanamke mara nne. Sababu yake hakuna aliyewahi kumweleza Malsun, na leo kila alipokwenda chini alihisi kitu kinararuka tumboni. Mara ya nne mguno ukamtoka. Alipoinua uso alimkuta Jongtae anamtazama. Jongtae akahamishia macho kwenye mshumaa haraka, kama mtu aliyefumaniwa.

Jongtae akakichomeka kijiko wima katikati ya bakuli la wali, jambo ambalo siku nyingine mtu hathubutu kulifanya. Hapo ndipo marehemu hula. Kwa desturi wote hutoka wakafunga mlango, wakangoja nje wakati wa kumeza vijiko tisa, halafu mkubwa wao hukohoa mara tatu ili aliyemo asishtuke, ndipo mlango hufunguliwa. Lakini tangu mwaka wa kwanza Jongtae alikuwa hatoki.

"Nenda kalete maji ya ukoko," akamwambia mkewe. "Mimi nitainama humu humu."

Mlango ukafungwa. Malsun akaenda jikoni, akamimina maji ya ukoko wa wali ya moto kwenye bakuli, akaliweka kwenye sinia, akarudi nalo mpaka mlangoni. Mwaka jana alingojea jikoni. Leo miguu haikuwa na nguvu ya kwenda na kurudi, akasimama pale pale, bega limeegemea fremu ya mlango. Ndipo akasikia mtu anaongea.

Hakuijua sauti ile mara moja. Ilikuwa laini, ya haraka haraka, kama ya mtoto aliyerudi shule.

"...wamenihamishia ghala la nje, Mama. Kazi si mbaya, ila upepo. Sijamwambia mtu. Jongsu usimkasirikie, naye ana yake." Akacheka kidogo. Malsun alikuwa hajakisikia kicheko hicho tangu Hyerim akiwa anatambaa. "Papa umemwona? Vinene. Nilimwambia."

Kikafuata kimya, kirefu kiasi cha mtu kusema maneno kumi hivi. Kisha Jongtae akasema, "Ee. Ee, Mama. Najua." Kimya kingine. "Hapana, sivuti tena."

Ubani ulipenya chini ya mlango. Malsun akasogeza sikio mlangoni, kwa kuwa vimya vile havikuwa vya mtu anayeongea peke yake. Vilikuwa vya mtu anayesikiliza.

"Mama," Jongtae akasema, na sauti ikashuka. "Mama Hyerim anaumwa."

Bakuli likagonga kwenye sinia. Malsun akalishika.

"Tangu mwezi wa sita. Anaamka usiku anafua mashuka, anadhani nimelala. Silali, Mama. Nilimsikia bafuni anamwambia mtoto habari za kupasuliwa. Nikasema nitangoja aniambie. Sasa kila asubuhi anasema kuna jambo, na kila asubuhi miguu inanikimbiza. Nikilisikia kwake litakuwa kweli." Akapumua kwa kukatika katika. "Najua uko peke yako huko. Lakini usimwite. Nakusihi. Mimi hata soksi zangu sijui zinakaa wapi."

Hasira ndiyo iliyomjia Malsun kwanza, tena kali, ikampanda mpaka masikioni. Kumbe anajua. Alikuwa analala pale, macho makavu, anasikiliza mkewe akifua damu gizani. Na kumbe maneno anayo, tena mazuri, yenye woga na huruma ndani yake. Miaka yote hii alidhani kisima kimekauka, kumbe kilikuwa kinatekwa na mwingine. Halafu nyuma ya hasira kikaja kilio ambacho asingeweza kukitoa bila kusikika.

"Nifanye nini?" Jongtae akauliza ndani. "Niambie wewe, Mama. Mimi sijui watu wanasemaje."

Kimya.

"Mama? Sikusikii."

Kijiko kilikuwa kimesimama humo ndani, chakula kinapoa, mtu mzima ameinama sakafuni anangoja jibu. Malsun angeweza kusukuma mlango. Aliwaza hivyo, na mkono wake mmoja ulikuwa tayari umeacha sinia. Badala yake pumzi ikavutwa, ndefu, kama ya mtu anayefyonza supu ya moto.

"Wee Jongtae, wee."

Ilitoka puani, ina mkwaruzo.

"Kesho nenda na mkeo. Kaweke sahihi."

Paji la uso likagonga sakafu. "Ndiyo, Mama," Jongtae akasema pale pale, kama mtoto mwenye adabu. Katika ndoa yao yote Malsun hakuwahi kupata ndiyo ya haraka namna ile.

Akajishika koo. Lilikuwa la moto. Akajiambia, ni mimi, nimemwigiza, werevu tu wa mwanamke aliyeshikwa pabaya. Lakini hakuwa amepanga kuigiza, na kila alipojaribu kukumbuka wakati alipofumbua mdomo, hakuukumbuka.

Ndani mtu akakohoa mara tatu. Mlango ukafunguliwa, Jongtae akasimama pale, macho mekundu, kipande cha majani ya mkeka wa sakafuni kimemnata kwenye paji la uso. Wakatazamana. Alimkuta mkewe amesimama karibu mno na mlango, na kama angetaka kuuliza lolote, huo ndio ungekuwa wakati wake.

"Maji," akasema, akapokea sinia.

Wakamaliza ibada, picha ikafunikwa, vyakula vikarudi jikoni. Alichokula marehemu huliwa na walio hai, ndiyo baraka yake. Wakakaa mezani wawili, kila mmoja na bakuli lake. Malsun akangoja, kwa mara ya kwanza siku ile hakuanza yeye.

"Mama kasema niende nawe hospitali kesho," Jongtae akasema, akiutazama wali.

"Kasema?"

"Mm. Niweke sahihi. Nimeshampigia mkubwa wa zamu."

Basi imekuwa. Kitanda kitakuwa chake, kijana wa kalamu mbili ataridhika, uvimbe utatoka. Malsun alitaka kufurahi. Lakini tazama ilivyo: daktari hakutosha, yeye mwenye tumbo hakutosha, mpaka kibali kitoke kaburini, kwa bibi aliyekiita kizazi hicho chungu kilichotoboka.

"Kasema nini kingine?" akauliza, nusu kwa kejeli.

"Uvae lile koti zito. Hospitali wanawasha mashine za baridi hata kukiwa na ubaridi nje."

Malsun akaweka vijiti chini. Hilo hakulisema. Alikuwa na hakika kabisa, maneno yalikuwa machache na anayakumbuka yote.

Jongtae akanyoosha mkono hadi sahani ya papa, akachagua kipande kinene kuliko vyote, akakiweka juu ya wali wa mkewe. "Na hiki kasema ule. Damu yako imepungua."

Habari ya damu kupungua Malsun hakumwambia mtu, hata Hyerim. Daktari alimwambia faragha, mlango umefungwa. Akamtazama mumewe, mvi zake za pembeni, alama ya sakafu kwenye paji la uso. Huenda kaona tu, uso wa njano, midomo myeupe, hata Bi Okja aliona. Huenda koti na kipande hiki cha papa ni vya Jongtae mwenyewe, amevivika nguo za mama yake ili visimwaibishe. Au huenda sivyo, na mwanamke yule alibaki akizungumza humo ndani baada ya Malsun kunyamaza.

"Mama kasema niende, Mama kasema koti, Mama kasema nile," akasema polepole. "Nimesikia, namshukuru. Sasa wewe, Jongtae. Wewe unasemaje?"

Hakuwahi kumwita kwa jina lake. Jongtae akainua uso. Mdomo ukafunguka, na Malsun akaona kabisa kwamba maneno yapo, yamefika mpaka nyuma ya meno. Akainama mbele kidogo kuyapokea.

Jongtae akageuza kichwa taratibu, akautazama mlango wa chumba cha mama yake ulioachwa wazi kidogo, moshi wa ubani ukitoka. Akatega sikio, kama mwanafunzi aliyeulizwa swali asilolijua, anangoja wa nyuma amnong'oneze.

Na Malsun akahisi koo lake linapata joto. Pumzi ikaanza kujivuta yenyewe, ndefu, kutoka puani. Maneno yalikuwa tayari: Mwambie unaogopa. Mwambie unampenda. Angeyasema, na Jongtae angesema ndiyo, Mama, na usiku huu huu angeyapata yote aliyoyangoja. Na kesho tena, na keshokutwa, mpaka kufa kwake angependwa kwa amri ya marehemu. Akakishika kile kipande cha papa kwa mkono, akakishindilia chote kinywani, akaziba mdomo kwa kiganja na kuuma meno. Machozi yakamtoka kwa chumvi na kwa uchungu. Pumzi ikahangaika humo ndani, halafu ikarudi chini.

Jongtae hakumwona. Alikuwa bado anautazama mlango, kichwa kimeinama upande, na chumbani hapakusikika kitu. Malsun akatafuna polepole, akameza, akamngoja. Supu ikapoa mbele yao wote wawili.